Abasia ya Cluny: kanisa kubwa kuliko yote Ulaya lilivyouzwa kwa bei ya mawe

Mlizombe

Habari za wakati huu wakuu.

Wiki mbili zilizopita nilipanda treni kutoka Lyon ninakoishi mpaka Mâcon, nikaunga basi hadi mji mdogo unaoitwa Cluny, huko Burgundy, Ufaransa. Mimi nimekulia jirani na Peramiho, kusini mwa Tanzania. Kengele ya abasia, yaani nyumba ya watawa inayoongozwa na abati, ndiyo iliyokuwa saa ya nyumbani kwetu. Ikigonga ya jioni, mama anatuita tuingize kuni ndani. Kwa hiyo abasia naijua kama kitu kilicho hai: hospitali, karakana, mashamba, na mabruda wenye mikono iliyojaa grisi. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda wanafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ileile iliyofuatwa Cluny miaka elfu moja iliyopita. Ndiyo maana nilitaka sana kufika.

Ukifika kwenye lililokuwa lango la kanisa, unashuka ngazi chache. Mbele yako kuna visiki vya nguzo vilivyobaki chini chini, pembe za mawe zimelika, na nyasi zimeota kwenye maungio. Ukiinua macho, mbali kabisa, nyuma ya barabara na majengo ya watu, unaona mnara mmoja wa pembe nane. Nilidhani ni wa parokia nyingine. Nikamuuliza mama aliyekuwa anakata tiketi, akanionyesha kwa kidole: ule mnara na hapa uliposimama ni kanisa moja.

Urefu wake ulikuwa mita 187. Uwanja wa mpira wa kawaida una mita 105, kwa hiyo weka uwanja mmoja kisha ongeza robo tatu ya mwingine. Halikujengwa kanisa la kulizidi katika Ukristo wote wa Magharibi mpaka Basilika la Mtakatifu Petro la Roma lilipojengwa upya. Leo haijabaki hata sehemu moja ya kumi.

Watu wengi wakiona gofu wanafikiri vita, moto au tetemeko. Hapa haikuwa hivyo. Kanisa hili liliuzwa kihalali, lina hati ya mauzo, na wanunuzi walilibomoa taratibu kwa miaka ishirini na zaidi wakiuza mawe. Nimerudi nyumbani na swali moja tu kichwani: nyumba kubwa namna ile inafikaje mahali ikakosa mtu hata mmoja wa kuisimamia? Naandika nilichojifunza, wenye kujua zaidi waongeze.

Tuanzie mwanzo. Mwaka 910 (wengine huandika 909), Guillaume, mtawala wa Aquitaine, alitoa kijiji chake cha Cluny pamoja na mashamba, misitu, mizabibu, vinu na watumwa wa shamba, kijengwe monasteri. Jambo hilo peke yake lilikuwa la kawaida. Matajiri wengi wa wakati ule walifanya hivyo kwa ajili ya roho zao. Kilichokuwa kigeni ni masharti aliyoyaandika kwenye hati. Mali aliwapa Mitume Petro na Paulo wenyewe. Hakuna ndugu yake, mfalme, askofu wala hata Papa atakayeruhusiwa kuigusa. Kila baada ya miaka mitano watawa wapeleke Roma solidi kumi (sarafu za wakati ule) za kununulia taa za kaburi la Mitume, basi. Na abati wa kwanza, Berno, akifariki, watawa wachague wenyewe wanayemtaka, bila mtu wa nje kuingilia.

Mwisho wa hati kuna laana. Atakayevunja masharti haya, ardhi immeze kama ilivyowameza Datani na Abiramu, wale waasi wa kwenye Biblia, na afungwe kuzimu pamoja na Yuda. Nimeisoma tafsiri yake mara tatu. Kwa wakati ule, ambapo kila bwana mwenye ngome alikuwa anamweka mpwa wake kuwa abati ili ale mapato ya monasteri, yale maneno yalikuwa ukuta.

Bint Pangani

Naweka mkeka hapa kaka. Endelea, usituache njiani.

Mlizombe

Asante dada.

Ule ukuta ulifanya kazi. Watawa walipopewa uhuru wa kuchagua, walichagua vizuri, na waliowachagua waliishi miaka mingi. Odo, kisha Aymard, kisha Majolus, kisha Odilo aliyeongoza kuanzia 994 hadi 1049, kisha Hugo kuanzia 1049 hadi 1109. Hebu hesabuni: tangu 994 hadi 1109 ni miaka 115, na nyumba ilikuwa na maabati wawili tu. Wafalme walikuja wakaondoka, Mapapa hivyohivyo, lakini ukienda Cluny unamkuta yuleyule.

Monasteri nyingine zikaanza kuomba ziwe chini ya Cluny. Kufikia wakati wa Hugo na waliomfuata zilikuwa mamia kwa mamia, Ufaransa, Hispania, Italia, Uingereza na Ujerumani. Cluny kwenyewe watawa walipita mia tatu. Kazi yao kubwa ilikuwa sala. Benedikto alikuwa amegawa siku kati ya sala, kusoma na kazi za mikono. Cluny wakaongeza zaburi juu ya zaburi na misa juu ya misa, hata muda wa jembe ukakaribia kwisha.

Na walinyamaza. Sehemu kubwa ya siku ilikuwa marufuku kusema, hivyo wakatunga lugha ya ishara, na orodha zake ziliandikwa, zipo mpaka leo. Ukitaka mkate, unaunganisha vidole gumba na vya shahada vya mikono yote miwili kufanya duara, kwa sababu mkate wao ulikuwa wa mviringo. Ukitaka samaki, unatikisa kiganja kama mkia majini. Asali, unatoa ulimi kidogo na kugusa vidole kama unayeviramba. Mnaweza kupiga picha ukumbi wa chakula wenye watu mia tatu, sauti pekee ni ya msomaji mmoja, na mikono inaruka hewani.

Mwashi wa Tandale

Mkuu hizo sala ni sawa, mimi nataka jengo. Mita 187 kwa mawe matupu, karne ya kumi na moja, bila nondo, bila saruji. Paa lilikuwa la nini? Na nani alipima?

Mlizombe

Nilikuwa nakusubiri fundi.

Kanisa hili lilikuwa la tatu pale pale, mawili ya kwanza yalikuwa yamezidiwa na watu. Hugo alianza ujenzi mwaka 1088. Tarehe 25 Oktoba 1095 Papa Urbano II, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mtawa wa Cluny, alikuja kubariki altare kuu. Mwezi mmoja baadaye, mjini Clermont, Papa huyohuyo alihubiri ile hotuba iliyoanzisha Vita vya Msalaba.

Juu halikuezekwa mbao tupu. Lilifunikwa kwa tao refu la mawe, kama handaki, likiwa karibu mita 30 kutoka sakafuni. Ujanja wao ni huu: hawakulifanya nusu duara kamili, walilichonga liwe na ncha kidogo juu. Wewe unajua kuliko mimi kwamba tao la nusu duara linasukuma kuta kwa nje kwa nguvu. Likiwa na ncha, uzito mwingi zaidi unashuka chini. Walifanya hivyo kabla ya makanisa makubwa ya Kigothi kuanza. Ndani kulikuwa na njia tano sambamba zilizotenganishwa na safu za nguzo, na badala ya mkono mmoja wa msalaba, kanisa lilikuwa na mikono miwili iliyokata, mkubwa na mdogo.

Na bado lilikuwa karibu na mpaka wa uwezo wao. Mwaka 1125 sehemu ya tao ilianguka. Walijenga tena, na baadaye wakaongeza matao ya nje ya kuegemeza kuta.

Kuhusu kupima, watawa walikuwa na simulizi yao. Mzee mmoja aitwaye Gunzo, aliyekuwa amepooza kitandani kwenye nyumba ya wagonjwa, aliota Mtume Petro anakuja na kamba, anazinyoosha juu ya ardhi kuonyesha urefu na upana, kisha anamwambia akamwambie abati ajenge hivyo. Kuna kitabu cha kale cha mkono chenye picha ya ndoto hiyo: Gunzo amelala, watakatifu wameshika kamba. Nilipoiona picha nilikumbuka mafundi wetu wanavyonyoosha kamba na vigingi asubuhi ya kuchimba msingi. Mtu aliyechora alikuwa ameiona kazi ya ujenzi kwa macho yake.

Mwashi wa Tandale

Hapo umenipa. Tao lenye ncha kidogo, mawe matupu, mita 30. Hao walikuwa mafundi. Nawavulia kofia.

Msomaji wa Usiku

Na pesa? Kanisa kama hilo halijengwi kwa sadaka za Jumapili. Kuna jasho la mkulima hapo, tusiruke.

Mlizombe

Hujakosea ndugu yangu, na mimi sitaki kuruka. Kuna mifuko miwili.

Wa kwanza ni ardhi. Watu walitoa mashamba ili waombewe, na mashamba yalitolewa pamoja na watu wanaoyalima. Nimetaja juu kwamba hati ya kwanza kabisa ilihamisha watumwa wa shamba kama ilivyohamisha vinu. Wale watu hawakuulizwa. Mtu akilisifu jengo, awaweke na wao kwenye sifa hizo, kwa sababu divai na ngano iliyowalisha waashi ilitoka mikononi mwao.

Mfuko wa pili ndio ulionishangaza. Wafalme wa Kikristo wa kaskazini ya Hispania walikuwa wakipokea ushuru wa dhahabu kutoka kwa watawala wadogo wa Kiislamu wa kusini, waliolipa ili wasishambuliwe. Ferdinando wa Kwanza wa León akaahidi Cluny vipande 1,000 vya dhahabu kila mwaka. Mwanawe Alfonso VI, mwaka 1077, akaifanya 2,000. Na dhahabu ya Andalusia, ile Hispania ya Waislamu, ilitoka wapi? Kwa sehemu kubwa ilivuka Sahara kwa ngamia, kutoka machimbo ya Afrika Magharibi, kupitia miji kama Sijilmasa kusini mwa Morocco. Kwa hiyo ndani ya zile kuta kulikuwa na dhahabu iliyochimbwa na Waafrika. Hili haliko kwenye kibao chochote nilichokisoma pale.

Mfereji huo ukaja kukauka. Mwaka 1086 Al-Murabitun, watawala wa Kiislamu wa Morocco, walivuka bahari, wakamshinda Alfonso huko Zallaqa, na wale watawala wadogo wakaacha kulipa. Cluny ikabaki na kanisa lisiloisha na madeni.

Kijana wa Bukavu

Ndugu Mlizombe, nimesikia kulipatikana hazina pale juzi juzi, dinari za Kiislamu. Ni kweli ao ni hadithi ya mtandaoni?

Mlizombe

Kweli kabisa ndugu. Septemba 2017 wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Lyon walikuwa wanachimba kutafuta msingi wa nyumba ya wagonjwa. Wakakuta zaidi ya sarafu 2,200 za fedha, nyingi zikiwa zimepigwa na abasia yenyewe, zilizokuwa kwenye mfuko wa kitambaa. Katikati yake kulikuwa na kifurushi cha ngozi kilichofungwa kwa fundo. Ndani ya ngozi: dinari 21 za dhahabu zilizopigwa Hispania na Morocco kati ya 1121 na 1131, enzi za Ali bin Yusuf wa Al-Murabitun; kipande cha dhahabu iliyokunjwa; na pete ya dhahabu yenye kito chekundu kilichochongwa kichwa cha mungu wa kale, huenda ni kazi ya zamani za Warumi.

Mtu alikusanya, akafunga, akafukia, na hakurudi. Wataalamu waliohesabu walisema thamani yake ilikuwa kama farasi watatu hadi wanane, na kwamba abasia ingeila kwa mkate na divai kwa siku kama sita tu. Hiyo ndiyo inayokuonyesha ukubwa wa nyumba ile: hazina ya mtu mmoja ya kutosha maisha, kwao ni chakula cha wiki isiyotimia.

Bint Pangani

Kaka, mimi ni Mwislamu na nimewahi kusoma kwamba tafsiri ya kwanza ya Qur'ani kwa Kilatini ilitoka kwa abati wa huko. Ndiyo hapo hapo?

Mlizombe

Ndiyo dada, hapo hapo. Ni abati Petro Mheshimiwa, aliyeongoza 1122 hadi 1156. Mwaka 1142 alisafiri Hispania kwa shughuli za monasteri zake, na huko akawalipa wasomi wamtafsirie vitabu vya Kiislamu. Qur'ani aliifanya Mwingereza Robert wa Ketton, akaimaliza 1143. Kwenye kundi hilo kulikuwa pia na Mwislamu, ambaye Petro anamtaja kwa jina la Muhammad tu.

Niseme wazi, nia haikuwa ya kirafiki. Petro alitaka kuupinga Uislamu, na Robert alifafanua kwa maneno yake kuliko kufuata aya ilivyo, hivyo maana ilipinda mahali pengi. Lakini mnamo miaka ileile ambayo wenzake walikuwa wanahubiri upanga, yeye aliwaandikia Waislamu kwamba anawaendea kwa maneno na si kwa silaha, kwa upendo na si kwa chuki. Naona hilo lina uzito wake hata kama kitabu alichokiandika kilikuwa cha mabishano. Na tafsiri ile ndiyo waliyoitegemea wasomi wa Ulaya kwa karne kadhaa. Ilichapwa Basel mwaka 1543, miaka 400 kamili baadaye.

Huyu Petro ninampenda kuliko maabati wote wa Cluny. Abelard, yule mwanafalsafa aliyehukumiwa kwa mafundisho yake, alipokuwa anakwenda Roma kukata rufaa akiwa mgonjwa na amechoka, ni Petro aliyemfungulia mlango. Alipofariki 1142, Petro alimpelekea Heloise, aliyekuwa mkewe, mwili wake.

Bint Pangani

Nashukuru kwa kusema bila kupaka rangi. Aliyewaita mafundi wa lugha ili ajibu, amekaa akasoma. Wengine hawakufika hata hapo.

Kijana wa Bukavu

Sasa turudi kwenye swali lako la mwanzo. Sisi shuleni, kwa masomo ya Kifaransa, tulifundishwa moja kwa moja: Mapinduzi ya 1789 yaliua abasia zote. Wewe unasema swali ni nani aliikosesha mtetezi. Mbona jibu si Mapinduzi?

Mlizombe

Kwa sababu Mapinduzi yalikuta maiti, ndugu yangu. Nieleze ninavyoona mimi, mnisahihishe.

Kumbukeni kile kifungu cha hati ya 910: watawa wachague wenyewe abati wao. Kifungu kile kilianza kutafunwa karne ya kumi na tano, na mwaka 1516 kikafa rasmi: Mfalme François wa Kwanza na Papa Leo X walikubaliana kwamba mfalme ndiye atakayeteua maabati. Kuanzia hapo Cluny ikawa zawadi. Ukoo wa Guise ukaishika. Baadaye akaipata Kardinali Richelieu, kisha Kardinali Mazarin, watu waliokuwa wanaendesha serikali nzima kutoka Paris. Abati wa namna hii alikuwa hafungwi na maisha ya kule, halali na watawa, hajui paa linavuja wapi. Anachokijua ni mapato. Guillaume aliweka laana kuzuia jambo hilihili, na likapita kwa saini mbili.

Nilipita Paris mwezi uliopita, kuna makumbusho maarufu yanaitwa Cluny. Lile jengo lilikuwa nyumba ya mjini ya maabati wa Cluny. Ni zuri sana na limesimama zima. Linganisha na visiki nilivyowaambia. Abati anaishi wapi, ndiko matengenezo yanakokwenda.

Katikati ya hayo, vita vya dini: mwaka 1562 Wahuguenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, waliipora abasia na vitabu vingi vikapotea. Karne ya kumi na nane watawa waliobaki walibomoa majengo yao ya kale ya makazi na kujenga mapya ya kisasa, yenye bustani. Hayo yamesimama mpaka leo, ni chuo cha wahandisi; nilikuta wanafunzi wamevaa makoti marefu ya kijivu wanakatiza uani.

Halafu ndiyo 1789. Na hapa kuna jambo ambalo watu hawalitaji. Julai ya mwaka ule wakulima wa vijiji vya Mâconnais, eneo linalozunguka Mâcon, waliinuka, wakachoma nyumba za mabwana, wakaielekea Cluny. Waliowarudisha nyuma kwa silaha ni wenyeji wa mji wa Cluny wenyewe. Watu walikuwepo wa kuilinda siku ile. Lakini tarehe 2 Novemba 1789 Bunge la Ufaransa likapitisha kwamba mali za Kanisa ni mali ya taifa, mwaka uliofuata mashirika ya watawa yakafutwa, na mwaka 1798 kanisa likauzwa kwa wafanyabiashara wa Mâcon.

Wanunuzi walichofanya kwanza ni kupasua barabara katikati ya kanisa, ili mikokoteni ipite. Kisha wakaanza kuuza mawe, mbao, na madini ya risasi yaliyokuwa kwenye paa. Tarehe 8 Mei 1810 lango kuu la mbele, lenye sanamu ya Kristo katika utukufu na malaika wakiwa wamepakwa rangi, lililipuliwa kwa baruti. Minara ikafuata mmoja mmoja. Kufikia 1823 walikuwa wamemaliza. Kilichobaki ni mkono mmoja wa msalaba, upande wa kusini, na mnara wake unaoitwa wa Maji ya Baraka, wenye mita 62.

Mahali palipokuwa na altare, Napoleon aliweka kituo cha serikali cha kuzalishia farasi, mwaka 1806. Mabanda yake yamejengwa kwa mawe ya kanisa.

Msomaji wa Usiku

Mimi hapo nakuwa na maoni tofauti kidogo, kwa heshima. Yule mkulima wa 1789 babu zake walihamishwa na hati pamoja na vinu, umesema mwenyewe. Kwa nini aione Cluny kama yake? Mtetezi alikosekana tangu siku ya kwanza, si 1516.

Mlizombe

Nimekaa na maneno yako tangu jana. Kwa mkulima wa vijijini umenishinda, sina jibu. Kwa watu wa mji naona tofauti, maana waliishi kwa abasia ile vizazi na vizazi, kuoka mikate, kufua vyuma, kupokea mahujaji. Lakini nakubali kwamba nilipouliza nani aliikosesha mtetezi nilikuwa nawaza wa ndani ya ukuta tu.

Mwashi wa Tandale

Sasa kama kila kitu kimeuzwa, hivi vipimo vyote umevipata wapi? Mita 187, mita 30, nani alivirudisha?

Mlizombe

Kazi ya mtu mmoja kwa sehemu kubwa. Mmarekani, profesa wa Harvard, Kenneth John Conant. Alianza kuchimba mwaka 1928, akaendelea, ukiacha miaka ya vita, hadi 1950. Alikuwa anatafuta misingi kwa kuchimba mashimo uani, mabarabarani, kwenye mazizi ya farasi, anapima, anachora. Kwenye lile lango lililolipuliwa aliokota vipande kwa maelfu, vingine vidogo kama ganda la yai, bado vina rangi. Leo wale wahandisi wa chuo cha pale wametengeneza kanisa zima kwenye kompyuta kwa kutumia vipimo; kuna skrini uani, ukiigeuza unaona kuta zinainuka pale pale uliposimama.

Lakini kilichonishika mimi ni vichwa vya nguzo. Vinane vya kuzunguka altare vilinusurika, vimewekwa kwenye ghala la kale la unga la watawa, chini ya paa la mbao linalofanana na jahazi lililopinduliwa. Viwili vina watu wanaowakilisha toni nane za wimbo wa Kanisa. Mmoja ameinamia kinubi chake, kichwa amekilaza upande, kama anayesikiliza uzi ambao haujakaa sawa. Uso umevunjika. Mikono ipo. Nilikaa mbele yake mpaka mhudumu akazima taa za upande mmoja.

Bint Pangani

Kaka, umetaja 2 Novemba. Jirani zangu Wakatoliki siku hiyo huenda makaburini na maua. Ni bahati tu ya tarehe?

Mlizombe

Dada, umeona kitu ambacho mimi nilikiona nikiwa kwenye basi la kurudi.

Siku ya Marehemu Wote, 2 Novemba, ilienea kutoka Cluny. Abati Odilo ndiye aliyeagiza monasteri zote zilizo chini yake ziwaombee wafu wote siku inayofuata Sikukuu ya Watakatifu Wote, na Kanisa zima la Magharibi likaja kufuata. Tarehe hiyohiyo ndiyo Bunge lilipochukua mali za Kanisa mwaka 1789. Peramiho mama yangu alikuwa akiandika majina ya marehemu wetu kwenye karatasi, babu, bibi, mtoto wake wa pili, anaitia kwenye bahasha anaipeleka parokiani. Hakuwahi kulisikia jina la Cluny.

Bint Pangani

Na wao walikuwa wakiandika majina?

Mlizombe

Waliandika, vitabu kwa vitabu, yanasomwa kila siku kwa tarehe aliyofariki mtu. Na haikuwa kusoma tu. Mtawa akifariki, chakula chake kiliendelea kupikwa siku thelathini na kupewa maskini mlangoni, sahani yake kamili, mkate na divai. Kila mwaka siku yake ikifika, maskini mwingine analishwa kwa jina lake. Karne mbili zikapita, marehemu wakawa wengi mno kuliko walio hai, jiko likaelemewa. Petro Mheshimiwa, pamoja na madeni yote yale, hakuifuta desturi. Aliweka kikomo: sahani hamsini za marehemu kwa siku.